Binti yangu alipata 1390, sasa anaambiwa aifiche

*Dada mshauri, salamu nyingi kutoka Ohio.*

*Mimi ni mama wa watoto watatu. Nahudumia wazee, zamu ya usiku, na mume wangu anapakia mizigo ghalani. Tulipofika Marekani binti yetu mkubwa alikuwa na miaka kumi na mmoja na Kiingereza chake kilikuwa salamu tu. Sasa yuko darasa la 12 na msimu huu anaomba vyuo vikuu.*

*Machi iliyopita shule yake iliwafanyisha wanafunzi wote wa darasa la 11 mtihani wa SAT, ule wa kuombea vyuo vikuu, bila malipo. Alipata 1390: hesabu 770, kusoma na kuandika 620. Mshauri wa shule alinipigia simu mwenyewe. Akasema wastani wa shule yao hauvuki 900, na tangu aanze kazi pale ameona wachache sana waliofika alipofika binti yangu. Mambo ya SAT siyajui, lakini furaha iliyokuwa kwenye sauti yake niliielewa. Jumapili ile tulipika pilau tukaita watu.*

*Mwezi wa saba tukaenda kwenye kikao cha wazazi. Kulikuwa na kijana mmoja anayeuza masomo ya kujiandaa na mitihani hii. Akaitazama ile 1390, akasema mbele ya mtoto: "Kwa vyuo mnavyovitaka, hii ni namba ya kuficha." Akasema walioko Dartmouth wana 1500 na zaidi, na anayepeleka 1390 anajifungia mlango mwenyewe. Vyuo siku hizi havilazimishi alama, akasema, kwa hiyo aache pale pawe wazi. Au asome kwake wiki kumi, dola 1,800.*

*Tangu siku hiyo mtoto amebadilika. Dartmouth ameitoa kwenye orodha yake, akairudisha, akaitoa tena. Shangazi yake alipomuuliza kwa simu amepata ngapi, alijibu kuwa bado hajafanya mtihani. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Nilinyamaza, lakini roho iliniuma.*

*Mume wangu anasema tulipe, maana zamu yetu ya upatu imefika na pesa ipo. Mwalimu wake wa historia amemwambia mtihani huu ulitungwa kuwazuia watu kama sisi, asiutilie maanani. Orodha yake ni Dartmouth, Columbia, Berkeley ya California, na Ohio State. Je, afiche alama au atume? Tulipe hizo 1,800? Na kama mwalimu anasema kweli, kwa nini tunahangaika nao?*

*Mama wa watatu, Ohio*

Mama wa watatu, dada yangu,

Nianze na pilau. Hamkukosea kuipika. Waliohitimu sekondari mwaka 2024 nchi nzima walipata wastani wa 1024 kati ya 1600, na binti yako amepata 1390 kwa lugha aliyoianza akiwa na miaka kumi na mmoja. Kuna jambo jingine ningependa umsomee kwa sauti. Watafiti wakiongozwa na Raj Chetty wa Harvard walilinganisha alama za watoto na mapato ya wazazi wao. Walikuta kwamba mtoto wa familia iliyo katika asilimia moja ya matajiri wa juu kabisa ana uwezekano mara 13 zaidi wa kupata 1300 au zaidi kuliko mtoto wa familia yenye kipato cha chini. Mstari huo wa 1300 binti yako ameuvuka na akapita mbele, akitokea nyumba ambayo mama analala mchana kwa sababu usiku yuko kazini. Wanaosoma maombi vyuoni wanaijua hali hiyo. Ndiyo kazi yao ya kila siku.

Sasa yule kijana. Alipoambia mtoto aache pale pawe wazi, alimpa ushauri ambao ungeliua ombi lake la Dartmouth kabla halijasomwa, na hilo limenikasirisha kweli.

Ni kweli kwamba mwaka 2020, vituo vya mitihani vilipofungwa kwa sababu ya korona, karibu vyuo vyote vikubwa viliacha kudai alama. Lakini hiyo ni habari ya zamani. MIT ilirudisha sharti Machi 2022. Dartmouth ikafuata Februari 2024, kisha Yale, Brown, Harvard, Caltech, Cornell na Stanford mwaka huohuo, ingawa Yale inakubali pia AP au IB, mitihani ya masomo ya juu ya sekondari, badala ya SAT na mwenzake ACT. Kwa hiyo Dartmouth hakuna kuficha. Mwombaji aliyesoma Marekani asiyepeleka SAT wala ACT hajakamilisha maombi. Mtu anayetoza dola 1,800 kwa kazi hii alipaswa kulijua hilo.

Sababu iliyoifanya Dartmouth irudishe mtihani ndiyo inayonifanya nikuandikie kwa urefu, kwa maana ni kama walikuwa wanamzungumzia binti yako. Rais wa chuo, Sian Beilock, aliwaomba maprofesa wanne wa palepale, wachumi watatu na mtaalamu mmoja wa sosholojia, wachunguze kilichotokea miaka ile alama zilipokuwa za hiari. Walikuta vijana wengi wa familia zenye kipato kidogo, wenye alama za kwenye 1400, waliozificha. Wengi wao wangesaidiwa nazo. Walitazama wastani wa chuo, wakaona 1500, wakajiona wadogo, wakaacha pale pawe wazi, na ofisi ya udahili ikabaki na faili la mtoto kutoka shule isiyoijua, lenye alama za darasani ambazo haina namna ya kuzipima. Mtoto wa shule ya kifahari akificha alama, ofisi inaijua shule yake na imekwisha pokea wenzake wengi. Anayeumizwa na kuficha ni huyu wa kwako.

Inafaa uelewe namba hii inasomwaje, kwa sababu ukishaelewa hofu itapungua. Shule ya binti yako ikituma vyeti vyake, inatuma pia wasifu wa shule: ina wanafunzi wangapi, inafundisha masomo gani ya juu, na mara nyingi wastani wa SAT wa shule. Msomaji wa maombi anaviweka vyote mezani pamoja. Namba 1390 kutoka shule ambayo wastani wake ni 1350 inasema jambo moja. Kutoka shule ambayo wastani wake haufiki 900, inasema jambo jingine kabisa. Inasema huyu mtoto amepita mbali kuliko alichopewa. Muombe mshauri wa shule ahakikishe wastani huo umo kwenye wasifu, na barua yake iseme waziwazi yale aliyokuambia kwenye simu. Muombe kwa adabu, lakini muombe mapema, kwa sababu Oktoba washauri wa shule huwa wamezama kwenye karatasi.

Na hiyo 1500 ya yule kijana? Vyuo hutangaza alama mbili: ile ambayo robo ya wanafunzi wako chini yake na ile ambayo robo wako juu yake. Ukisikia "kuanzia 1500", maana yake kuna mmoja katika kila wanne aliyeingia akiwa chini ya hapo. Hapo wamo wanamichezo, wamo watoto wa waliosoma palepale, na wamo watoto waliotoka shule kama ya binti yako.

Siwezi kukuficha upande wa pili. Dartmouth inawakataa zaidi ya tisa katika kila waombaji kumi, wakiwemo wengi wenye 1550. Alama hii haimpi nafasi. Inafanya faili lake lisomwe kwa makini. Zaidi ya hapo hakuna anayeweza kukuahidi, na anayekuahidi mkimbie.

Vyuo vingine kwenye orodha yake havifanani, kwa hiyo asivipime kwa kanuni moja.

Ohio State ilitangaza kurudisha sharti la mtihani kwa wanaoanza masomo vuli ya 2026, na pale 1390 ni alama nzuri kabisa, tena inaweza kumsaidia kupata ufadhili wa ufaulu. Hapo atume bila kufikiri mara mbili. Columbia ilitangaza 2023 kwamba kwao alama ni za hiari kwa kudumu. Hapa ndipo penye ubishi wa kweli, na wapo washauri wanaoheshimika watakaokuambia afiche, kwa sababu Columbia nayo wengi wana zaidi ya 1500. Mimi ningetuma. Ile 770 ya hesabu, karibu na wasifu wa shule yake, ina uzito kuliko nafasi tupu, hasa kama anataka kusoma uhandisi au sayansi.

Berkeley ni jambo la tatu. Bodi ya Chuo Kikuu cha California iliamua Mei 2020 kuachana na SAT na ACT, na leo vyuo vyake vyote, Berkeley ikiwemo, havizitazami katika kuamua nani aingie, hata ukizipeleka. Pale 1390 na 1590 ni kitu kimoja. Lakini dada yangu, Berkeley mimi nina hofu nyingine nayo ambayo hamkuniuliza. Nyinyi si wakazi wa California. Mwanafunzi wa kutoka jimbo jingine analipa zaidi ya dola 34,000 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida, na misaada mikubwa ya chuo hicho wamewekewa wakazi wa jimbo. Linganisha na Dartmouth, ambako familia yenye mapato yasiyozidi dola 125,000 na mali ya kawaida haitarajiwi kutoa mchango wa mzazi hata senti moja. Columbia nayo haitozi ada ya masomo kwa familia zilizo chini ya dola 150,000 zenye mali ya kawaida. Chuo chenye jina la kutisha kinaweza kuwa cha bei nafuu kwenu kuliko chuo cha umma kama Berkeley. Kila chuo kina kikokotoo cha gharama kwenye tovuti yake. Kaeni na karatasi za kodi za mwaka jana mkijaze pamoja kabla ya kupenda chuo chochote.

Mwalimu wa historia hakumdanganya mtoto, na sitaki umdharau. Mtihani huu ulitungwa na Carl Brigham, profesa wa Princeton, ukafanywa mara ya kwanza mwaka 1926. Miaka mitatu kabla, mtu huyohuyo alikuwa ameandika kitabu kilichodai kwamba wahamiaji na watu weusi wangeshusha akili ya taifa la Marekani. Mwaka 1930 aliyakana maandishi yake hadharani, lakini yalikuwa yamekwisha kuumiza watu. Hiyo ni asili yake na haifutiki. Miaka ya 1930 rais wa Harvard, James Bryant Conant, aliuchukua mtihani huohuo kwa kusudi jingine: alitaka kuwapata vijana wenye uwezo waliokuwa nje ya shule chache za bweni za matajiri, akawapa ufadhili kwa alama zao. Historia zote mbili ni za kweli, na mtihani bado una upendeleo wa wazi kwa wenye nacho, kama zile takwimu za Chetty zinavyoonyesha.

Lakini muulize mwalimu huyo swali moja: tukiitoa alama, kinabaki nini? Inabaki insha, ambayo mwenye pesa anamlipa mtu aipige msasa. Zinabaki barua za walimu, na mwalimu mwenye wanafunzi 150 hawezi kuandika kama mwenye 40. Yanabaki mashindano ya mashua na kucheza vitara. Mwaka 2019 waendesha mashtaka wa serikali walifichua wazazi matajiri waliolipa ili watoto wao waonekane wanamichezo wa michezo wasiyoicheza, na wengine waliolipa majibu ya SAT yarekebishwe. Kila kipande cha faili lile kinaweza kununuliwa kwa namna fulani. SAT imepotoka, nakubali, lakini binti yako ameipata 1390 bila kununua chochote, na mimi nataka itumike.

Sasa pesa ya upatu. Msilipe.

Sisemi asirudie mtihani. Arudie, mara moja, kwa sababu ile 620 inaweza kupanda na vyuo vingi, Dartmouth ikiwemo, huchukua alama bora ya kila sehemu kutoka mitihani tofauti. Yaani hesabu 770 imekwisha kaa kibindoni. Akipata 680 kwenye kusoma na kuandika inakuwa 1450, hata kama siku hiyo hesabu itateleza. Ila si lazima dola 1,800 ziingie hapo. Kama anapata chakula cha mchana cha bure au cha bei nafuu shuleni, mshauri wa shule anaweza kumwombea msamaha wa ada wa College Board, wenye mtihani huu. Msamaha huo unampa mitihani miwili ya Jumamosi bila malipo, kutuma alama vyuoni bila malipo, na vyuo vingi vitamsamehe ada ya maombi. Ule wa Machi ulilipiwa upande mwingine, kwa hiyo miwili yake bado ipo.

Mazoezi yapo bure pia. Programu ya Bluebook, ileile aliyofanyia mtihani, ina mitihani kamili ya majaribio, na tovuti ya Khan Academy inatoa masomo ya SAT kwa ushirikiano na wenye mtihani tangu 2015. Ninachomwomba ni saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, na afanye sehemu ya kusoma na kuandika peke yake. Ina maswali 54 katika dakika 64, mafungu mawili ya maswali 27, na vifungu vyake ni vifupi, kila kifungu swali moja. Fungu la pili linakuwa gumu au jepesi kulingana na alivyofanya la kwanza, na aliyepewa jepesi hawezi kufika alama za juu. Kwa hiyo fungu la kwanza asikimbie.

Aanze na maswali ya kanuni za lugha: nukta, mkato, nukta-mkato, upatanisho wa kitenzi na mtenda. Nimewaona watoto waliokuja na Kiswahili wakihofia zaidi msamiati, wakakesha na orodha za maneno magumu. Msamiati unakuja polepole, kwa kusoma miaka. Kanuni za alama za uandishi ni chache, zinarudiwa kila mtihani, na mtoto aliyejifunza Kiingereza darasani anazishika mara nyingi vizuri kuliko aliyekikuta nyumbani, kwa sababu yeye amezoea kujiuliza kwa nini sentensi imekaa hivyo. Hapo ndipo alama zake zilipolala.

Na alama isipopanda, atume 1390.

Kuhusu lile jibu alilompa shangazi yake, usimgombeze. Aliaibishwa mbele ya mzazi wake na mtu mzima aliyekuwa na kitu cha kuuza. Ila kuna sehemu ya maelezo ya ziada kwenye fomu ya maombi, na huko ningependa aandike, kwa maneno machache yasiyolia, alianza Kiingereza lini, nani anatafsiri nyumbani mkienda kwa daktari, na nani anawalaza wadogo zake wewe ukiwa kazini. Kazi za nyumbani zinahesabika pia kwenye orodha ya shughuli zake. Watoto wetu wanaziacha kwa sababu wanadhani shughuli ni klabu na michezo tu. Saa kumi na tano kwa wiki za kulea wadogo ni shughuli.

Dartmouth ina ombi la mapema la Novemba 1, lakini ombi hilo linamfunga: akikubaliwa lazima aende, isipokuwa msaada wa fedha usipotosha. Kwa kuwa anataka kurudia mtihani, ningempa nafasi ya kungoja ombi la kawaida la mwanzoni mwa Januari, ili matokeo ya Novemba, au hata Desemba, yawe yamefika. Usajili hufungwa wiki kadhaa kabla ya siku ya mtihani na vituo hujaa. Jumatatu aende kwa mshauri na jambo la msamaha wa ada, na siku hiyohiyo ajisajili. Zile 1,800 ziwekeni. Akikubaliwa popote, ataanza na tiketi, shuka, na koti la baridi ya New Hampshire, iliko Dartmouth.